Mashini ya Zaka Katika Nyumba Mbili

Asubuhi ya kufuata maziko ya Mama Ajua, ordinatere ya Neema, kompyuta yake ya kazi, ilikataa kuwaka. Tulikuwa wanawake watatu ndani ya jiko yangu hapa Ngezi, mutaa wa Bunia: Neema, mama yake Furaha, na mimi. Wao wawili walitoka Mahagi-Port, kwenye ziwa, juu ya kilio, na walilala kwangu kama kila mara wanapokuja Bunia. Neema alikuwa na kazi ya kutuma kwa shefu wake. Alikuwa anafinya butoni, anaacha, anafinya tena, anagonga kioo na kidole kama mutu anayeamsha muzee kwenye usingizi. Furaha alikuwa anachagua maharagi. Hakuinua hata kichwa. Alisema tu: "Toa kamba ya kurant kwenye ukuta. Finya butoni, usiache mpaka kidole iumie." Neema alicheka, akafanya vile, akarudisha kamba, na mashini ikaamuka. Akauliza, mama, nani alikufundisha hii? Furaha akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia sufuria. Neema leo ni mwanamuke mwenye kazi yake na kiatu cha kisigino. Tumemuambia habari yake kidogo kidogo, leo kipande, mwaka mwingine kipande. Yote kwa mara moja hatujamuambia. Sasa Ajua amekufa, na mimi sibaki sana. Basi naandika.

Watu wa mashirika wanakuja kuniuliza juu ya vita. Ninawapa kiti na chai, ninawaambia nimesahau. Sijasahau. Lakini mutu anayekuja na swali ameshaandika anataka jibu lenye kuenea ndani ya swali yake. Hapa naandika na mukono wangu, polepole, juu nilisoma mpaka mwaka wa ine ya shule ya primere, na sitaki mutu anisahihishe. Makabila sitaandika. Aliyekuwa Bunia mwaka ule anajua nani alikuwa nani, na asiyekuwa, haina faida kwake. Nitaandika nyumba, chakula, na watu wangu.

Mwaka ule nilikuwa mupishi wa radio ya kartie, ya mutaa wetu. Usifikiri radio kubwa. Ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka ya vitenge. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, viti, na bango ya mulimbwende wa sabuni. Cha pili, kile cha kusemea, walisimamisha magodoro ya zamani kwenye ukuta ili sauti isiruke, na muchana jua ikipiga bati, magodoro yale yalitoa harufu ya watoto wote waliowahi kulala juu yao. Mpaka leo nikianika godoro ninarudi pale. Jiko yangu ilikuwa inje, chini ya kibanda cha bati, karibu na dirisha, na kwa dirisha ile nilisikia kila kitu: nani anagombana na nani, nani anasoma habari na njaa. Niliwapikia bugali ya muhogo na sombe, majani yake ya kutwanga, siku nzuri makayabu, samaki ya chumvi, siku mbaya muchicha wa lengalenga na chumvi. Walikula pamoja kwa sinia moja, shefu Monsieur Justin na mulinzi, kila mutu na upande wake. Leo watoto wanakula kila mutu na sahani yake na simu yake. Sisemi ni vibaya. Nasema tu vile ilikuwa.

Tekinisie, fundi wa radio, alikuwa Zaka. Alitoka Mongbwalu, kwa wachimbaji wa zahabu, pale alitengenezaga radio na tochi za watu wa mashimo. Alikuwa muislamu, mwembamba, na alipenda kula kupita watu wanene ninaowajua. Alikuwa na jiko mbili. Asubuhi alikula mandazi ya Mama Ajua, kwenye njia ya uwanja wa ndege, na saa sita alikula kwangu. Mimi na Ajua tulijuana tangu zamani, tulinunuaga muhogo pamoja na kugawa gunia kwa nusu. Vita ilipokuja, watu wake walikuwa upande ule, wangu upande huu, na tukaacha kusalimiana. Hakuna mutu alitukataza. Tuliacha tu. Zaka alijua, na hakutuonea huruma. Alinawa mikono kwangu huku anasema: "Mama Fonsine, asubuhi nimekula mandazi ya mutu anayejua chumvi."

Nilimujibu, basi rudi kwake akupikie na sombe.

"Sombe yake sijaonja. Ninaogopa itapita yako, nitafanya nini?"

Baadaye nilijua kama kesho yake asubuhi alimuambia Ajua vile vile juu ya mandazi yangu, na mimi mandazi sikupikaga hata siku moja.

Kazi yake kubwa ilikuwa sauti. Watu walikimbia kila upande, wengine musituni, wengine ziwani, na hakuna aliyejua wake wako wapi. Zaka alichukua kimashini kidogo cha kushika sauti, akapanda na wachuuzi wa samaki mpaka Mahagi-Port, akakaa pale penye watu wanapita. Mutu akasema jina yake na maneno yake. Akirudi Bunia aliingiza sauti zote ndani ya ordinatere, ile ya kukunja kama kitabu, moja tu radio ilikuwa nayo, na kila yumapili nyuma ya misa zilitoka hewani. Muji mzima ulisikiliza. Niliona wanaume wamesimama na sigara inawachoma vidole. Na Zaka alikuwa na sheria moja: hakubeba neno la mutu na mudomo wake. Mwaka ule neno liliua. Mutu alikuja anakuambia ndugu yako anakungoja kwenye muto, unaenda, haiko ndugu yako. Basi Zaka alisema: "Mimi si mudomo ya mutu. Sauti ya mutu weye mwenyewe unaijua. Yangu ukiamini, ni shauri yako."

Furaha wakati ule alikuwa kijana. Wao ni watu wa Butembo, waliokuja juu ya biashara. Bwana wake aliuawa njiani, na siku ile ya kukimbia njia iliwagawa: Furaha alitokea kwangu, na mama yake mzazi alipotea na Neema mugongoni, mutoto mwenye kuanza kusema. Nilimupa chumba cha nyuma. Alikaa kwenye kizingiti na kikanga cha mutoto mukononi, anakikunja, anakikunjua. Nilimupa muhogo atwange, juu mutu akikaa vile bila kazi anaharibika. Siku Zaka alirudi kutoka ziwani, alikuja moja kwa moja kwenye kizingiti kile, akachuchumaa.

"Mama yako nimemuona," alimuambia. "Amesema. Na mutoto amesema ile anaweza."

Furaha alimushika shati. Wako wapi? Zaka akakataa. Alisema wamepita, Mahagi-Port hapana nafasi ya kukaa, mama ameeleza mwenyewe wanaenda wapi, na yumapili atasikia. Furaha alilia, mimi nikamugombeza Zaka hadharani, nikamuita mwenye roho ya jiwe. Alikula, akashukuru kama kila siku. Nilimukasirikia kabisa. Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki.

Yumapili ile haikufika hewani. Siku ya posho, yumamosi, masasi ya bunduki yalianza upande wa soko, na Zaka akaingia kwangu mbio na ordinatere ndani ya kitambaa cha mezani. Aliisukuma mwenyewe ndani ya gunia ya makala, mukaa wa jiko yangu, katikati, akafunika, akapangusa mikono kwenye suruali. "Mama, wakija, waachie yote," alisema. "Makala ni nzito na inachafua. Wataipiga teke tu." Akaenda, akisema kuna kitu kimoja bado hajamaliza. Wale wenye bunduki walikuja kweli. Walichukua godoro, mabeseni, mulango, na sombe pamoja na sufuria ikiwa juu ya moto. Gunia ya makala waliipiga teke. Zaka hakurudi kuiona.

Muji ulipotulia kidogo, askari wageni wakiwa wanapita na magari yao meupe, Monsieur Justin alirudi, mwembamba, na ndevu. Nilimupa ordinatere. Alikumbatia ile mashini mbele yangu kama mutoto wake. Tukaipangusa, tukaiweka juu ya meza yangu, akafinya. Hakuna. Akafinya tena. Taa kidogo ya kijani iliwaka, ndani kitu kikavuma kama pumzi ya paka, kikalia bip, bip, bip ndefu, na kioo kikabaki cheusi kama chungu. Furaha alikuwa amesimama nyuma yetu. Na mjue kwa nini alisimama vile: lori ilikuwa inapanga watu wa kwenda ziwani, kuvuka ngambo, juu kila mutu alisema waliopita Mahagi-Port wote walivuka. Furaha alikuwa ameandikisha jina. Kama mama yake alivuka kweli, vizuri. Kama hakuvuka, binti anaenda inchi ya wengine kutafuta watu wenye hawako, na kurudi haiko rahisi. Jibu lilikuwa ndani ya mashini ile, na lori haikuwa ya kungoja.

Tukamuita Papa Emile, mutengenezaji wa radio na televizio kwenye soko, muzee wa utaratibu, mwenye kusafisha miwani kabla ya kusalimia. Tulivuta kurant kutoka grupu ya paruasi, jenereta ya kanisa, kamba ikapita juu ya ukuta mpaka jikoni. Alianza inje. Alisema kwanza tujue kama kurant inafika, juu wengi wanafungua mashini na ugonjwa uko kwenye kamba. Alipima kamba: ilifika. Aliazima sharjere ingine kwa mulinzi wa shirika moja: vile vile. Akasafisha tundu la kurant na nyoya ya kuku, makala ikatoka nyeusi kama wanja, na siye wote tukasema, njo hii, ndiyo ugonjwa. Haikuwa hii. Akatoa batri, akatoa kamba, akafinya butoni kwa muda murefu, akihesabu kimoyomoyo, akasema mashini pia inabaki na kurant ya zamani ndani, inataka kuitema ndipo ianze upya. Tukarudisha. Taa, pumzi, bip, bip, bip. Kioo cheusi. Nilishaanza kuichukia ile sauti. Jirani alichungulia akasema imekufa, muiuze vipande. Nilimuonyesha njia.

"Haijakufa," Papa Emile akasema. "Yenye kufa hailii. Hii inaita."

Alichonga sipoku ya gurudumu ya baiskeli mpaka ikaingia kwenye vis, skrubu kidogo za chini, na kesho yake akafungua kifuniko. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa. Akatuita tuone. Kulikuwa na kitanda kidogo, kisafi, na vishikizo viwili vya chuma pembeni, na hapakuwa na kitu kimelala pale. "Hapa panakaaga memwari," alisema. "Kijiti hivi, kama kipande cha kitana. Bila yenyewe mashini inaamuka, haijui inafanya nini, inalia. Imetolewa vizuri. Mutu hakuvunja."

Monsieur Justin aliangalia gunia ya makala, halafu akaangalia mimi. Alisema mashini ilikaa kwangu wakati wote. Alisema haulizi kwa ubaya. Nilimuambia, kama unataka kusema mwizi, sema, mudomo iko yako. Nilikuwa nimeshika mwiko, na sijui ningefanya nini nayo. Ni Furaha alisema, pale kwenye kizingiti, na sauti ya mutu aliyesahau kama watu wanamusikia:

"Mama, cherehani yako, shatoli yake iko wapi?"

Wanaume walimuangalia kama anaumwa. Lakini mimi nilikaa chini. Cherehani yangu wenye bunduki waliikuta na hawakuibeba, juu niliitoa shatoli, kile kichuma cha kushika uzi wa chini, nikaiweka kwa mutu wa kartie ingine, na cherehani bila shatoli ni chuma tu. Siye wote tulifanya vile mwaka ule. Mwenye pikipiki alitoa karbirateri. Mwenye moulin ya kusaga muhogo alificha mukanda. Papa Emile mwenyewe aliguna, munyororo wa baiskeli yake ulikuwa bado kwa mukwe. Kitu kizima kiliibiwa, kitu nusu kiliachwa. Na nusu haukuiweka kwa rafiki ya rafiki. Uliiweka kwa mutu ambaye hasemezani na mwenye nusu ingine, ili wasiambiane habari hata kwa bahati mbaya.

"Aligawa," nikasema.

Monsieur Justin akauliza, na nusu aliiacha kwa nani? Papa Emile akasafisha miwani. Sikuwa na haja ya kufikiri. Zaka alikuwa na jiko mbili.

Nilivaa kitambaa changu kizuri, nikaenda mpaka kwenye kambi karibu na uwanja wa ndege, katikati ya bashi, maturubai ya wakimbizi, na moshi. Ajua alikuwa anakaanga mandazi kwenye kikarayi, amepungua, shingo imekuwa ndefu. Nikasimama kwenye mustari kama wanunuzi. Nilipofika mbele hakunisalimia, na mimi sikumusalimia.

"Unataka ngapi?"

"Sitaki mandazi."

"Hapa nauza mandazi."

"Zaka alikuachia kitu."

Aligeuza mandazi moja, halafu ingine, halafu zote. Akasema kama Zaka alimuambia ampe mutu mwenye kuwa na nusu ingine, asimupe mwingine. Walikuja wazungu kumuuliza habari ya Zaka, hakuwapa. Shefu wa radio alikuja kumuuliza Zaka yuko wapi, hakumupa. Alikuwa anangoja mutu huyo tangu masasi.

"Njo mimi," nikamuambia.

"Weye?"

"Mimi. Ilikuwa ndani ya makala yangu."

Aliniangalia kutoka kitambaa mpaka kandambili. Halafu alicheka, si kicheko cha kunipenda. "Yule mutoto," akasema. "Alikula kwetu wawili, akatufunga kamba moja." Aliingia chini ya bashi, akatoka na kopo ya maziwa ya unga, na ndani, chini ya sindano na uzi, kulikuwa na kitu bapa ndani ya karatasi ya fedha ya sigara. Nilinyosha mukono. Akakirudisha kifuani. Alisema hanipi, anakuja nacho mwenyewe, anataka kusikia huyu mutoto alimufichisha nini.

Nilimuambia Ngezi haikuwa nafasi yake ya kutembea. Alijua kupita mimi. Alifunika mafuta, akaachia mwanamuke jirani kikarayi, akafunga kitambaa. Tulitembea katikati ya barabara, yeye mukono wa kuume, mimi wa kushoto, ule upande wa vijana wenye kukaa kwenye matofari. Walituangalia. Mumoja akasimama. Nilimuita kwa jina ya mama yake, nikamuuliza kama mama amepona tumbo, na akakaa. Ajua hakugeuza kichwa. Ila nilisikia kopo inalia kwenye mukono wake, sindano zinagongana, njia yote.

Papa Emile aliweka kile kijiti kitandani na vidole viwili, kikasema ta. Akafunga, akarudisha kamba, akamuambia Furaha afinye yeye. Taa. Pumzi ya paka. Bip moja, fupi. Na kioo kikaanza kupauka kama asubuhi, mpaka nyuso zetu zote zikaonekana ndani yake. Monsieur Justin akatafuta, akapata. Ya kwanza kutoka ilikuwa sauti ya Zaka, karibu sana, kama amesimama kwenye masufuria: "Sema jina yako, mama. Usiogope, hii kitu haina meno." Ajua alishika mukono wangu. Sijui kama alijua ni wa nani.

Halafu mama ya Furaha. Alisema jina yake na jina ya baba yake, kama mbele ya padri. Alisema wote wawili ni wazima. Alisema watu wanapanda mitumbwi ya kuvuka, lakini yeye havuki, maji anaiogopa, anaenda na mwanamuke mwenye kukausha samaki, kwenye kijiji cha upande huu huu, na akataja kijiji, na akataja mulango umepakwa buluu. "Furaha, usinitafute ngambo," alisema. "Sitakuwa kule." Kisha kelele, upepo, na sauti ndogo ya Neema yenye kulazimishwa: "Mama. Nakula samaki." Zaka akacheka ndani ya mashini, na ikakatika.

Furaha hakupanda lori ya kuvuka. Aliwakuta nyuma ya mulango wa buluu, na hakurudi kuishi Bunia tena; anakausha samaki mpaka leo, sasa Mahagi-Port. Yumapili ya kufuata sauti zote zilitoka hewani, na Zaka alikuwa mbele ya kila moja, anawaambia watu haina meno. Yeye mwenyewe hakuna aliyesikia sauti yake ingine. Walimutafuta Mongbwalu, walimutafuta ziwani. Ajua alimuwekea mandazi ya kwanza ya kikarayi pembeni kwa muda murefu, na mimi sikumucheka, juu na mimi nilikuwa nabakisha ukoko wa bugali, ule aliopenda.

Radio ilipopata mashini mupya, Monsieur Justin alituletea ile ya zamani. Ilikuwa imekufa kweli sasa, na hakuuliza nani aichukue. Ajua alifungua kifuniko na kisu cha muhogo, akatoa kile kijiti, akakiweka ndani ya kopo yake. Hakueleza. Niliweka mashini chini ya kitanda. Ikawa vile, miaka yote: akikasirika na mimi ananiambia, nitakupa nusu yako, tuachane, na mimi namuambia, ilete. Hakuileta hata mara moja.

Juzi, nyuma ya maziko, binti yake aliniletea kopo. Alisema mama aliagiza. Nimeiweka chini ya kitanda, karibu na mashini, na usiku ule sikulala vizuri. Kitu kizima ndani ya nyumba moja, sijazoea. Leo Furaha na Neema walikuwa wanafunga mizigo ya kurudi Mahagi-Port. Nilitoa kile kijiti ndani ya karatasi yake ya fedha, nikamupa Neema mukononi, nikafunga vidole vyake. Aliniuliza, koko, vile anamuita nyanya yake, hii ni ya nini?

"Weka kwako," nikamuambia. "Ingine iko kwangu."